Kumtafuta Baba Herega

Asubuhi ile Karwitha aliamka kabla ya adhana, kama siku zote. Mume wake, Mzee Ntongai, alikuwa macho lakini hakusema kitu. Alimsikia akitafuta ndara kwa mguu chini ya kitanda. Moja ikapatikana, nyingine ikakataa, akatoka na moja. Alimsikia akiwasha jiko, akimimina maji kwenye sufuria, akikwaruza kopo la majani ya chai ambalo tangu juzi lilikuwa linaisha na bado haliishi. Ntongai akajigeuza akaangalia ukuta. Baridi ya Isiolo ni ya saa hiyo tu, na yeye aliuza miraa miaka thelathini, kila alfajiri yuko kando ya barabara anangoja gari lishuke kutoka Meru. Fungu lake la kuamka mapema alishalimaliza.

Simu ikalia. Sikio la kushoto la Karwitha lilikuwa limeziba, kwa hivyo simu yake aliiweka sauti ya juu, na akiongea, plot nzima pale Bulla Pesa inaongea naye.

"Abba Herega!" Ilikuwa sauti ya mwanaume, mtu mzima, Mborana. "Boza ya maji ishaingia."

"Imejaa?"

"Imejaa. Watu wanakuja."

"Mtu asiguse maji mpaka nifike."

"Nani atagusa? Wewe kuja tu."

Karwitha akacheka.

Ntongai akafungua jicho moja. Neno abba alikuwa analijua. Ukiuza miraa Isiolo unajua Kiborana cha kusalimia, cha kuhesabu na cha kubishana, basi. Abba ni baba. Kwa hivyo huyu ni Baba Herega, na amejitaja mwanzo wa simu vile watu hujitaja. Yeye mwenyewe Ntongai ni Baba Elizabeth, hata mke wake humwita hivyo. Basi kuna mtu huko nje ana mtoto anaitwa Herega, na mtu huyo anampigia Mama Elizabeth kabla jua halijatoka, na Mama Elizabeth anacheka.

Karwitha aliingia akiwa amejifunga leso mbili, moja kiunoni, moja begani.

"Baba Eliza, naenda miti."

"Haya."

Ndiyo yote waliyosema. Yalikuwa yale yale ya miaka saba. Ntongai alijua mke wake yuko kwenye kikundi cha watu wanaotunza bustani ya mji, na miche ya kando ya barabara ya hospitali, na kile kipande cha msitu kinachofuata mto. Watu wa kujitolea. Hawalipwi. Alijua mpaka hapo. Ya Baba Herega akasema atauliza jioni.

Saa nne Karwitha alirudi, akasimama mlangoni akiwa ameshika fremu.

"Kichwa," alisema.

Akakaa chini. Mdomo ukaenda upande mmoja. Majirani wakambeba mpaka kwenye gari, gari likaenda hospitali, na jioni ambayo Ntongai aliitengea swali lake ilimkuta ameshika mkono ambao haukumshika yeye. Huwezi kumuuliza mtu wa hivyo habari za Baba Herega. Siku tatu hakusema neno. Siku ya nne, Ijumaa, daktari alimwita Ntongai nje, akamwita mzee wangu, naye akajua kabla hajaambiwa.

Karwitha alizaliwa Kangeta, kwa mzee mmoja aliyekuwa na wasichana wengi na mashamba machache. Aliletwa Isiolo bibi arusi, akashuka kwenye gari, akaangalia huku, akaangalia kule, akauliza, "Miti yao waliipeleka wapi?" Ntongai alicheka siku hiyo. Yeye hakucheka.

Walizaa wanne, wakazika mmoja. Sokoni alikuwa anauza mahindi na maharagwe kwa gorogoro. Lile kopo lake lilijulikana. Wauzaji wengine hukuwekea kilima, ukageuka wakakuwekea bonde. Karwitha alijaza, akapitisha kiganja juu mara moja, ikawa sawa kama meza. Ukimwambia, "Mama, ongeza kidogo," anakuangalia tu. Hata padri alipimiwa hivyo hivyo. Hata Elizabeth, binti yake, alipoolewa akaja kununua maharagwe, alipimiwa hivyo hivyo, akanuna mwezi mzima.

Hakuwa mwanamke wa maneno. Ntongai pia hakuwa. Wageni wakija walikuwa wanashangaa vile nyumba imenyamaza, wanafikiri watu wamegombana, kumbe ni amani. Ilikuwa mke akiweka sahani, mume anajua ni chakula. Mume akivaa koti, mke anajua ni kanisa. Miaka arobaini na mitatu iliendeshwa hivyo, na hakuna kitu kilichoharibika.

Walimzika Kangeta, ambako pia ni kwao Ntongai, kando ya migomba. Watu wa miti walikuja na lori dogo la kenta, wamesimama nyuma, Waborana, Wameru, Wasomali, Waturkana wawili. Ntongai hakujua kama ni wengi hivyo. Mmoja alikuwa Umulkheir, mama mnene anayeuza maziwa ya ngamia karibu na alipokuwa anakaa Karwitha sokoni. Huyo alilia kwa sauti, na katikati ya Kiborana chake Ntongai akasikia: Abba Herega. Mara moja. Halafu tena, Abba Herega.

Akainua kichwa. Udongo ulikuwa unaingia kaburini na yeye anahesabu wanaume. Yuko hapa. Amekuja kuzika. Ni yupi?

Kulikuwa na mzee mmoja Mborana, mrefu, kofia nyeupe, amesimama mbali kidogo na wengine akiegemea fimbo, macho mekundu. Watu walipoanza kutawanyika Ntongai akamwendea.

"Asante kwa kuja, mzee. Jina sijalishika."

"Dullo."

"Una watoto?"

Dullo alishangaa kidogo, lakini mtu aliyefiwa huulizi kwa nini anauliza. "Saba."

"Yule wa kwanza anaitwa nani?"

"Halkano."

"Halkano," alisema Ntongai.

"Halkano. Pole sana, mzee. Tumeachwa."

Basi huyo si yeye. Ntongai akamtoa kwenye hesabu, akaangalia wengine, lakini kenta lilikuwa limeshawashwa.

Baada ya hapo hakuwa na raha. Watu walidhani ni kilio tu, na kilio kilikuwepo, lakini kilio kina njia yake, unalia halafu unanyamaza. Hiki kingine hakikuwa na njia. Alitaka kujua kitu kimoja tu. Mke wake wa miaka arobaini na mitatu alikuwa anaamka kabla ya adhana kumwendea nani?

Akikaa anasema, Karwitha? Hapana. Karwitha si mtu wa hivyo. Halafu anasikia tena kile kicheko cha kwenye simu. Kicheko kile kilikuwa kizuri. Alijaribu kukumbuka ni lini mwisho yeye alimchekesha Karwitha hivyo, akapata siku ya mbuzi aliyekula kitabu cha nyimbo za kanisa, na mbuzi huyo alikufa zamani.

Elizabeth alikuwa amekaa naye kwa wiki ya pili. Ntongai hakusoma, namba za simu anazijua kwa umbo, si kwa majina. Mchana mmoja akampa binti yake simu ya mama yake.

"Hebu nisomee majina yaliyo huko."

"Yote, baba?"

"Anza na yale ya mwanzo."

"Abdirahman wa Boza. Agnes wa Kwaya. Askari wa Mto..."

"Hakuna mwingine wa Abba?"

"Abba nani?"

"Soma tu."

"Hakuna. Hapa inaenda kwa B. Baba Eliza."

"Huyo ni mimi."

"Ni wewe. Baba, kwani unatafuta nani?"

"Hakuna mtu," alisema, akachukua simu, akaiweka mfukoni. Utamwambiaje mtoto wako kwamba unamtafuta mwanaume wa mama yake, na mama yake ana wiki mbili ardhini? Na kama hayuko kwenye simu, si hata hiyo ni mbaya zaidi? Watu huandika nani, na wanaficha nani?

Elizabeth alipoondoka kurudi kwake, Ntongai akachukua kofia akaenda soko la mifugo. Aliona kule ndiko Waborana wako wengi kwa siku moja, na mtu ana mtoto, mtoto ana jina, jina linajulikana. Alimpata Roba, dalali wa ng'ombe ambaye zamani alikuwa mteja wake wa miraa, amekaa na wenzake watatu kwenye kivuli cha lori.

"Mzee Ntongai! Pole na msiba. Kaa."

"Sitakaa. Natafuta mtu anaitwa Abba Herega."

Roba akaangalia wenzake. "Abba Herega wa wapi?"

"Sijui wa wapi. Wa hapa."

"Una kisima?"

"Mimi? Kisima cha nini?"

"Si ndiyo nauliza. Huna kisima, Abba Herega unamtakia nini?"

"Labda mzee amenunua ngamia," alisema mwingine.

"Mmeru na ngamia! Atamlisha miraa?"

Wakacheka. Ntongai alisubiri wamalize.

"Huyo mtu yuko ama hayuko?"

"Mzee, wako wengi," alisema Roba. "Kila kisima na wake. Ukienda Kulamawe utapata, ukienda huko mbele utapata."

"Wengi?"

"Wengi. Na si wa milele. Huyu akichoka wanamtoa, wanaweka mwingine."

Ntongai alivua kofia, akaivaa tena. Akasema asante, akaondoka. Nyuma yake akasikia Roba akisema, "Mwacheni. Kifo kimemchanganya."

Na kweli alichanganyikiwa. Alitembea mpaka Bulla Pesa bila kuona njia, bodaboda zinampigia honi. Baba Herega wengi? Huyu Herega ni mtoto gani ana baba wengi namna hiyo, tena wanabadilishwa? Na visima vinaingiaje hapo? Alijaribu kuipanga kama anavyopanga mtu kuni: mtoto hapa, baba hapa, kisima hapa, mke wangu hapa. Ikaanguka yote. Usiku hakula. Alikaa kitandani upande wake, kwa sababu ule mwingine bado hakuwa amezoea kuulalia, akaamua kwamba maji yakiletwa Jumanne ataenda mwenyewe huko kwenye miti. Miaka saba hakuwahi kufika saa ya kazi. Alipita pale mchana akienda sokoni, aliona ua na viti viwili vya saruji, akaendelea.

Jumanne alifika kukiwa kunaanza kupambazuka. Bustani ile si kubwa. Imezungushiwa seng'enge, ndani kuna miarobaini kumi na kitu, migunga michache, na maua ya zile aina ambazo hukaa bila maji mengi. Katikati kuna tangi jeusi juu ya mawe. Boza lilikuwa limeshaondoka, udongo umelowa pale lilipokanyaga. Watu kama kumi na tano walikuwa wamezunguka tangi, kila mtu na mitungi yake ya lita ishirini, na mitungi yote ilikuwa tupu. Hakuna aliyekuwa anachota. Walikuwa wanapigizana kelele.

"Wiki tatu mfululizo nyinyi wa barabara ya hospitali mnachota kwanza!" Huyu alikuwa Umulkheir, mikono kiunoni. "Huko mtoni miche yetu imekuwa kuni!"

"Mama, barabara ndiyo inaonekana," alisema kijana mmoja aliyevaa shati la ofisi, suruali ameikunja mpaka magotini. Alikuwa Muthomi, karani wa serikali, ambaye kabla ya kwenda kazini huja kumwagilia. "Mgeni akiingia mji huu anaona barabara kwanza."

"Mgeni ndiye atakunywa hayo maji?"

"Nimesema nimefika wa kwanza leo."

"Umefika wa kwanza kwa sababu una pikipiki! Mimi nina magoti!"

"Sasa magoti yako ni makosa yangu?"

"Wangekuwa ng'ombe," alisema Mzee Dullo, ambaye alikuwa amesimama kando na fimbo yake, "wangeshapigana pembe tukajua mshindi, tukaenda nyumbani."

Ndipo wakamwona Ntongai. Kelele ikakatika. Wanawake walivuta mitandio. Muthomi akakunjua miguu ya suruali.

"Baba Elizabeth," alisema Umulkheir, sauti imekuwa ndogo. "Karibu. Habari ya nyumbani?"

"Nzuri."

"Umelala?"

"Nimelala. Sikuja kukaa." Aliwaangalia wanaume mmoja mmoja. Alikuwa amejiandalia maneno mazuri njiani, ya mtu mzima, lakini yalipotea, akabaki na haya: "Nionyesheni mtu mmoja tu, niende. Baba Herega ni nani hapa?"

Muthomi alimwangalia Umulkheir. Umulkheir aliweka mkono mdomoni.

"Nani?" aliuliza Dullo.

"Abba Herega. Yule anampigia mama ya Elizabeth simu asubuhi. Sikuja na ugomvi. Mama ya Elizabeth ameenda, ugomvi ni wa nini? Nataka kumwona uso."

"Anayepiga simu ni mimi," alisema Dullo.

"Wewe ni Dullo. Uliniambia mtoto wako ni Halkano."

"Ni Halkano."

"Basi Herega ni wa ngapi?"

Dullo alilaza mtungi wake chini. Akaukalia polepole.

"Mzee," alisema, "Herega si mtoto."

"Si mtoto?"

"Si mtoto. Herega ni zamu. Ile ya maji. Huko kwetu kisima ni kimoja na mifugo ni mingi. Leo ng'ombe za huyu, kesho ngamia za yule. Sasa kuna mtu mmoja anakaa hapo, yeye ndiye anasema wewe ingia, wewe ngoja. Hata tajiri akija na ng'ombe mia mbili, akiambiwa ngoja, anangoja. Huyo mtu ndiye tunaita Abba Herega. Baba ya zamu."

Ntongai akaanza kuipanga upya. Kisima kikaingia mahali pake. Baba wengi wakaingia mahali pao. Mmoja tu ndiye alibaki nje.

"Na hapa Baba ya zamu ni nani?"

"Hapa alikuwa mke wako."

"Karwitha?"

"Huyo."

"Karwitha alikuwa baba?"

Muthomi alicheka, akajutia, akainama kufunga kiatu ambacho hakikuwa na kamba. Lakini Umulkheir alikuwa anacheka na kulia pamoja, akijifuta kwa mtandio.

"Baba yetu kabisa," alisema. "Mimi alinifukuza hapa mara mbili."

Sasa kila mtu alitaka kusema, na Ntongai hakujua amsikilize nani. Walimwambia vile mwanzo, miaka saba iliyopita, kila boza likija ni vita kama hii ya leo, mpaka siku moja mtungi ulirushwa. Dullo akasema yeye ameona visima tangu azaliwe, na hapa shida si maji, hapa hakuna Abba Herega. Wakasema basi awe yeye. Akakataa. Yeye ana mwarobaini wake mmoja pale kwenye kona, aliupanda mwenyewe, akipewa zamu ataupendelea, anajijua. Akamwonyesha Karwitha, aliyekuwa ameketi nyuma hasemi kitu.

"Nikawaambia huyu," alisema Dullo. "Nimenunua mahindi kwake miaka mingi. Siku moja nilifika na njaa, na mtoto mgonjwa mgongoni, nikamwambia mama niongezee. Akapitisha kiganja juu ya gorogoro. Sawa kabisa. Nilimtukana moyoni! Halafu akanipa uji wake mwenyewe, kwa kikombe chake. Lakini gorogoro hakuongeza. Nikajua huyo ndiye."

"Watu hawakukataa?" aliuliza Ntongai.

"Wengine walisema ni mwanamke. Wengine wakasema ni Mmeru, Mmeru atajua nini ya kisima. Nikawaambia kiganja hicho nyinyi hamjapimiwa nacho."

Walimwambia vile alivyopanga. Msitu wa mtoni kwanza, kwa sababu uko mbali na hakuna anayeuona. Barabara ya hospitali ya pili. Bustani hii mwisho, kwa sababu watu wakikaa hapa humwaga maji waliyobakisha kwenye chupa, nao mti haujui ni ya nani. Mtu akichelewa, zamu yake imeenda, hata akija na sababu imejaa gari. Karani Muthomi alikuja siku moja na barua ya mkubwa wake, kwamba kuna wageni na barabara imwagiliwe kwanza. Karwitha alimwambia eti hajui kusoma, aiweke barua juu ya tangi, labda tangi linasoma. Waling'oa naye ile miti ya miiba, mathenge, huko mtoni mpaka mikono ikatoka damu. Alifukuza mbuzi, alifukuza ngamia, alimfukuza mwenye ngamia.

"Alikuwa anapiga kelele?" Ntongai aliuliza.

"Kelele! Uliza watu wa ng'ambo ya mto kama hawakumsikia."

Ntongai alisimama hapo. Alijua sasa angepaswa kufurahi. Mwanaume hakuwepo. Hapakuwa na nyumba nyingine wala mtoto anaitwa Herega. Wiki tatu alikuwa anamtafuta mtu, na mtu mwenyewe alikuwa kwenye kitanda chake, anatafuta ndara. Lakini kichwa hakikupata wepesi. Kilizidi kuwa kizito. Karwitha aliyeishi naye hakupiga kelele hata nyoka alipoingia jikoni. Huyu wa hapa alikuwa anafukuza makarani. Sasa yeye alikuwa ameoa nani? Na huyu mwingine, aliyekuwa anacheka kwenye simu, ambaye watu kumi na tano wanamlilia, kwa nini hakuletwa nyumbani hata siku moja, akaonyeshwa mume?

"Miaka saba," alisema. "Hakuniambia."

Dullo alichora chini kwa fimbo. Mtungi mmoja ulianguka kwa upepo, mwenyewe akauacha.

"Labda aliona sina haja ya kujua," alisema Ntongai. "Labda aliniona mimi ni mtu wa kuambiwa haya, naenda, basi."

"Hapana," alisema Umulkheir.

"Wewe unajua?"

"Mimi nilimuuliza." Umulkheir alimwangalia Dullo, kama mtu anayeomba ruhusa, na Dullo hakuinua kichwa. "Mwaka jana, tukiwa mtoni. Nilimwambia, Mama Eliza, huyo mzee wako anajua umekuwa baba? Kwa nini humwambii, acheke pia?"

"Akasema nini?"

"Baba Eliza, ni maneno ya wanawake wakifanya kazi. Utakasirika."

"Sema vile alisema. Usipunguze, usiongeze."

Umulkheir akaweka mtungi wake chini. Alivuta pumzi, na sauti iliyotoka haikuwa yake, ilikuwa ya chini, ya Kimeru, ya mtu asiye na haraka.

"Alisema, 'Simwambii mimi. Miaka yote hii nangoja aniulize asubuhi naenda kufanya nini, na yeye amelala hapo macho wazi anangoja nimwambie. Tutaona nani atachoka kwanza.'"